Barua kwa Mwanaidi: si tauni, ni kondoo

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama anakusalimu, na khanga zilifika. Mengine baadaye. Somoe kanionyesha karatasi utakayowasomea wageni wako Jumamosi kule Wharram Percy, kile kijiji cha kale kilichohamwa huko Yorkshire, Uingereza, nami nikakwama mstari wa pili: "Tauni iliangamiza kijiji chote." La, shoga! Futa kabla hujapanda gari.

Tauni ilipita Yorkshire mwaka 1349, na iliua kweli. Lakini mwaka 1368 nyumba 30 za Wharram Percy bado zilikuwa na watu. Kijiji kilinyauka polepole: watu wakapungua, ujira ukapanda, nafaka ikashuka bei, sufu ikalipa. Shamba la ngano linataka kijiji kizima. Kundi la kondoo linataka mchungaji na mbwa wake. Mwenye ardhi akapiga hesabu. Kufikia mwaka 1500 hivi familia nne za mwisho zilikwisha fukuzwa, nyumba zikabomolewa, konde zikawa malisho.

Wageni watalalamika kwamba wameletwa kutazama majani. Wapeleke jua likiwa chini, asubuhi au alasiri. Saa sita mchana hakuna kivuli, na bila kivuli ardhi haisomeki. Vituta vile vya mraba ni misingi ya nyumba na mipaka ya viwanja. Nyumba mbele, kitalu kirefu nyuma. Kile kinachofanana na mfereji mkavu ni barabara, imezama kwa miguu na magurudumu.

Atakayeuliza kwa nini uchimbaji wa wanaakiolojia hapo ulianza 1950 ukaisha 1990, mwambie kuta za chaki ni fupi na zilijengwa upya mara nyingi, kila mara zikipinda kidogo. Mtaro mwembamba unakata kuta za vizazi kadhaa, nawe ukadhani ni nyumba moja. Mwanahistoria Maurice Beresford alianza hivyo hivyo, kwa mitaro midogo, mpaka mwanaakiolojia John Hurst alipoleta mtindo wa kufukua eneo zima kwa pamoja, tabaka kwa tabaka. Kazi ya wiki chache za kiangazi kila mwaka, basi hesabu mwenyewe.

Kanisani usiwaonyeshe mnara tu (nusu yake ilianguka 1959). Waonyeshe matao yaliyozibwa ukutani. Pembeni palikuwa na nafasi za ziada za waumini. Walipopungua, zikavunjwa na matao yakajazwa mawe. Kanisa lenyewe liliendelea kwa sababu watu wa Thixendale, kijiji jirani, walisali hapo mpaka walipopata lao mwaka 1870.

Kassim, namjua, atauliza vizuu. Mjibu kifupi: utafiti wa 2017 ulichunguza mifupa 137 iliyofukuliwa hapo, ya watu wasiopungua 10, yenye alama za visu na za moto, na hofu ya wafu kufufuka ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi. Meno yao yanaonyesha walikulia maeneo yale yale, si wageni. Kisha mrudishe kwenye kondoo, la sivyo hamtatoka makaburini.

Njia ya kushuka kutoka maegesho ina mteremko na matope. Una viatu vya mpira? Mko wangapi? Bi Zuhura na goti lake naye anakuja? Na ule mstari wa pili, umeshaufuta au bado unabishana nami kimoyomoyo?

Wako,
Saumu