Supu ya vitunguu kwa ajili ya Mzee

Mwanga, Kigoma
Julai

Kwako shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, watoto hawajambo, na Mama anakusalimia sana, anasema umemtupa.

Ama baada ya salamu, nimefarijika kusikia homa imemwachia Mzee. Unasema kilichobaki sasa ni kula: ugali anausogeza pembeni, wali anauonja tu basi, anachotaka ni kitu cha moto cha kunywa, hasa jioni baridi ya Tabora inapoanza kuuma. Ukaniuliza ile supu ya vitunguu ya Kifaransa uliyoinywa kwetu siku ya harusi ya mdogo wangu inapikwaje. Kwenye simu ningekueleza nusu, salio likakata. Hii karatasi ibandike jikoni kwako.

Nilifundishwa na jirani yetu, Baba Shabani, aliyekuwa mpishi wa hoteli kule Bujumbura kabla hajarudi nyumbani. Kwa kuwa Wabelgiji waliitawala Burundi, mapishi ya Kifaransa kule hayakuwa mambo ya ajabu. Yeye ndiye aliyenipa habari za soko kuu la Paris, Les Halles, lililokuwa likifanya kazi usiku kucha: wachukuzi wanapakua mizigo ya nyama na mboga gizani, na alfajiri wanakaa kwenye migahawa ya pembeni kunywa supu ya vitunguu yenye mkate na jibini juu. Hata waliotoka kwenye starehe za usiku na nguo zao nzuri walikuja kuinywa hapo hapo, bega kwa bega na wachukuzi. Soko lenyewe lilihamishiwa Rungis, nje ya mji, mwaka 1969, lakini supu ikabaki. Ndiyo maana sijawahi kuiona ngeni. Nenda Kibirizi alfajiri, wavuvi wa dagaa wanaporudi na taa zao baada ya usiku mzima ziwani, uone foleni kwa mama wa supu. Mtu aliyekesha kwenye baridi anataka kitu kile kile, awe Paris au awe Kigoma.

Sasa tushike kazi. Supu hii ina mambo mawili tu ya kweli, mchuzi wa mifupa na vitunguu. Mkate na jibini ni pambo, tena pambo zuri, lakini ukiniambia nichague, nitaacha jibini kabla sijapunguza dakika moja kwenye vitunguu.

Anza na mifupa, na ipike siku moja kabla. Mwambie muuza nyama akupe kilo mbili za mifupa ya ng'ombe, ile yenye uboho na ile ya magotini, na kama ana kongoro moja akukatie. Ichome kwanza juu ya mkaa, kama vile unachoma nyama, mpaka ipate rangi na harufu yake ikufikie. Halafu iweke kwenye sufuria kubwa, mimina maji ya baridi kama lita nne, ndipo uinjike. Maji ya baridi, Zuhura, usianze na ya moto, kwa sababu yakipanda moto taratibu uchafu hupanda pamoja nayo kuwa povu na wewe unaliengua kwa upawa. Likiisha kuenguliwa, punguza mkaa hadi supu iwe inatoa kipovu kimoja kimoja. Ikichemka kwa fujo, mafuta huchanganyika na maji, supu ikawa na ukungu na nzito mdomoni. Iache saa nne, au zaidi kama mkaa upo. Tia karoti moja, kitunguu kimoja na punje chache za pilipili manga. Chumvi usitie bado, maana supu inapungua na utamu wote unakazana. Chumvi ya sasa itakuwa nyingi baadaye.

Ukishachuja, zamisha sufuria kwenye beseni la maji ya baridi ipoe haraka, kisha uifunike. Kama kuna baridi ya kutosha usiku, au una friji, asubuhi utaikuta imeganda, ukiitikisa inatetemeka. Hiyo ni dalili njema. Kano na ngozi za kwenye maungio zina kitu kinachoitwa kolajeni, ambacho kikipikwa polepole hugeuka jelatini, na jelatini ndiyo inayofanya supu ishike kwenye midomo. Mafuta yaliyoganda juu yaondoe na uyaweke, ni mazuri kwa kukaangia viazi. Kama huna friji, chemsha tena asubuhi na jioni, usiiache ikae vuguvugu.

Tuje kwenye vitunguu. Chukua kilo moja kwa watu wanne. Vya Singida vinafaa kabisa, vile vyekundu vilivyokauka maganda. Wafaransa hutumia vya manjano, lakini havivishindi vyetu kwa utamu. Noa kisu kwanza, maana kisu butu kinaviponda, na kitunguu kilichopondwa ndicho kinachokuliza sana. Kigawe katikati kutoka kichwani hadi kwenye mizizi, kisha ukate vipande vyembamba ukifuata njia hiyo hiyo ya mistari yake. Ukikata kwa kukatiza mistari, vitakuyeyukia vyote, na hapa tunataka kuviona kwenye kijiko.

Tafuta sufuria nzito, ya bati jembamba itakuunguzia. Yeyusha vijiko vitatu vya siagi pamoja na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Ingiza vitunguu vyote na chumvi kidogo, nusu kijiko cha chai. Sufuria itajaa hadi mdomoni na utadhani umezidisha. Hujazidisha. Takriban asilimia 89 ya kitunguu ni maji, na chumvi inayavuta yatoke. Funika kwa dakika kumi na tano juu ya moto wa wastani, ukifunua utakuta vimelegea na vinaogelea kwenye maji yao wenyewe.

Hapo ondoa kifuniko. Kuanzia sasa usiende mbali. Mradi yale maji yamo, joto haliwezi kupita nyuzi 100, na rangi tunayoitafuta inataka joto linalopita hapo. Kwa hiyo acha yakauke kwanza, ukigeuza na mwiko mara moja moja. Yakishakauka utasikia sauti inabadilika: mchemko wa majimaji unakoma, unaanza mlio mkavu wa mafuta. Punguza mkaa. Vitakuwa vyeupe, kisha rangi ya majani makavu, halafu vitaanza kushika chini ya sufuria na kuacha utando wa kahawia. Ule ukoko ni mali. Nyunyiza maji vijiko viwili, ukwangue kwa mwiko hadi ukoko wote uyeyuke na kurudi kwenye vitunguu. Acha ushike tena, nyunyiza tena, kwangua. Rudia hivyo hivyo. Kila ukirudia, rangi inazama zaidi na harufu inatoka kwenye ukali wa kitunguu inaingia kwenye utamu, mpaka sufuria iliyokuwa imefura ibaki na tabaka moja jembamba chini, rangi yake kama asali yenu ya miomboni, ile iliyokolea.

Hiyo kazi inakula saa nzima, na mara nyingi inapita. Vitabu vinavyosema dakika kumi na tano visikudanganye. Kuna pia wanaotia magadi kidogo ili vibadilike rangi upesi. Ni kweli vinabadilika, lakini magadi yanaulainisha mwili wa kitunguu mpaka unakuwa uji, na supu ikawa na ladha ya sabuni kama mkono ulizidi. Ukikosa muda leo, pika kesho. Nasema hivi kwa kuwa naipenda supu hii, na nimeinywa kwa watu wenye jibini la gharama juu yake huku chini vitunguu bado vyeupe, ladha hakuna.

Vikiwa tayari, nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa ngano, geuza dakika mbili unga usibaki mbichi. Wafaransa hapo humimina mvinyo mweupe. Kwetu hauingii, nami natia kijiko kimoja cha siki, maana kinachotakiwa ni uchachu wa kukata ule utamu. Siki ikikosekana, kamulia ndimu mwishoni, wakati wa kuepua. Mimina lita moja na nusu ya mchuzi wa mifupa ulioupasha, iache ichemke taratibu nusu saa, ndipo uonje chumvi.

Mkate usiwe wa slesi, ule laini unayeyuka ukawa tope. Tafuta mkate wa kawaida wa bekari, mgumu kidogo, wa jana ni bora zaidi. Kata vipande vinene kama kidole, vikaushe juu ya mkaa mpaka vigongeke. Jibini lao ni Gruyère ya Uswisi au Comté ya Ufaransa. Hayo mimi siyatafuti. Nikipata jibini gumu linalotoka Njombe natumia hilo, linayeyuka vizuri.

Oveni huna, mimi pia sina, wala haitakiwi. Tia supu kwenye mabakuli ya udongo, weka mkate juu, kwaruza jibini juu ya mkate mpaka lifike ukingoni. Yapange ndani ya sufuria pana uliyotandika mchanga chini, funika kwa mfuniko wa bati, halafu palia mkaa juu kama unavyopika keki. Chini acha makaa mawili matatu tu, moto mwingi uwe juu. Baada ya dakika kumi chungulia. Jibini litakuwa limeyeyuka na kuanza kupiga madoa ya kahawia, na pembezoni mwa bakuli supu inapenya na kuchemka. Bakuli za kioo usizitie humo, zitapasuka.

Kwa Mzee mwenyewe, siku za kwanza usimwekee jibini. Mpe supu na kipande kimoja cha mkate kilichoachwa kilowane mpaka kikae laini, na vitunguu uvikate vifupi ili visimning'inie mdomoni. Kama daktari amemwambia apunguze chumvi, usimwongezee kabisa. Ile rangi ya vitunguu inabeba ladha ya kutosha.

Asinywe hiyo hiyo kila siku, atakinai. Mchuzi wa mifupa ukishakuwa nao unazaa mengi. Chemshia humo boga, liponde, kisha koroga na karanga zilizosagwa, nanyi Tabora karanga hamkosi. Chemshia ndizi na nyama laini, uponde kidogo, upate mtori kama wa kwa Wachaga, wanaompa mzazi anyonyeshe vizuri. Uyoga mbichi sasa si msimu wake, ila ukipata mkavu sokoni urowanishe kwa maji ya moto nusu saa, na yale maji usiyamwage: yachuje kwa kitambaa kuondoa mchanga, uyarudishe kwenye supu. Harufu ya msitu yote imo humo. Na kuku, akiwa wa kienyeji na mzee kidogo, mchemshe pole pole na tangawizi. Jogoo mkongwe anatoa supu ambayo kuku wa kisasa hawezi.

Ya samaki ina sheria yake. Mifupa ya ng'ombe inataka saa nyingi, lakini kichwa cha samaki hakitaki hata nusu saa; ukikizidisha mchuzi unaharibika ladha, unakuwa mzito kwa ubaya. Sisi hapa tunachukua kichwa cha kuhe au sangala, tunakipasua katikati, tunaondoa matamvua yote ya ndani yenye damu, tunakiosha kwa ndimu. Maji yakichemka na nyanya, kitunguu na tangawizi, kinaingia, dakika ishirini kinatoka. Ndimu mwishoni, pilipili ya kuelea nzima bila kupasuka. Mzee alizaliwa Ujiji, hii akiisikia harufu tu ataamka kitandani mwenyewe.

Kichwa kibichi siwezi kukutumia, lakini nimekufungia migebuka mikavu na dagaa. Mzigo utakuja na treni ya kesho kutwa, nimempa kijana wa Mama Asha anayekuja huko kuanza kazi. Mpokee stesheni, ana simu yako. Dagaa waoshe kwa maji ya vuguvugu, wakaange bila mafuta mpaka walie, uwatwange na uwatie kijiko kimoja kwenye supu ya boga. Migebuka loweka usiku mmoja kwanza.

Ukiipika ya vitunguu, nitumie ujumbe ukifika pale sauti inapobadilika kwenye sufuria, nikuambie kama mkaa upunguze au uache. Jumamosi nipo nyumbani siku nzima.

Msalimie Mzee, mwambie namwombea afya. Wasalimie na watoto.

Wako akupendaye,
Mwajuma