Barua ya COBRA Isikuzubaishe

Mzee mmoja alifika ofisini kwetu, tunakouza bima, Oktoba 2025 na bahasha ya kaki iliyotuna kwa barua. Tukamwamkia, akaketi, akazimwaga zote mezani. Alikuwa ameacha kazi ya ghalani mwishoni mwa Machi 2024 akiwa na miaka 67, na mwajiri akamwandikia kwamba anaweza kubaki na bima ileile kwa miezi 18 kupitia COBRA, sheria ya Marekani ya kuendelea na bima ya kazini baada ya kuacha kazi, ilimradi ailipie mwenyewe. Akalipa, hakukosa mwezi hata mmoja. Septemba miezi ikaisha. "Haya, sasa nipeni Medicare," akatuambia, kama mtu anayeagiza chai.

Ikabidi tumweleze kwamba muda wake wa kujiandikisha katika Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa waliofika miaka 65, ulikuwa umepita karibu mwaka mzima.

Mambo yako hivi. Ukiendelea na kazi baada ya miaka 65 kwenye kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi, unaruhusiwa kuiacha kwanza Sehemu B ya Medicare, ile ya madaktari na vipimo, bila kuadhibiwa. Ni hivyo hivyo kama bima yako inatokana na kazi ya mwenzi wako. Kazi ikikoma unapewa miezi 8 ya kujiandikisha, na inahesabiwa tangu kazi ikome, haingoji COBRA iishe. Kadi ni ileile na daktari ni yuleyule, lakini kisheria hiyo si bima ya kazini tena. Miezi 8 ya mzee wetu iliisha Novemba 2024, naye bado anaandika hundi za COBRA kwa moyo mkunjufu. (Kama mwajiri wako ana watu wasiofika 20, usingoje lolote: Medicare ndiyo inayopaswa kulipa kwanza, kwa hiyo jiandikishe ukitimiza 65.)

Sehemu A, ya kulazwa hospitali, tulimsaidia kuiomba siku ileile, na hailipii kitu kwa kuwa alikatwa kodi ya Medicare kwa zaidi ya miaka 10. Sehemu B ilibidi asubiri hadi Januari, dirisha la kila mwaka la kujiandikisha linapofunguliwa. Ikaanza 1 Februari 2026. Miezi minne bila bima ya daktari, na mzee ana kisukari. Juu yake kuna adhabu ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa. Kwake ni kama dola 20 zaidi kila mwezi juu ya 202.90 za kawaida za mwaka 2026, na adhabu hiyo haina mwisho.

Wengi huamini kwamba kadi ya Medicare ikishafika, safari imeisha. Sehemu B hulipa asilimia 80. Ile 20 ni yako, na haina kikomo. Matibabu yakifika dola 40,000, zako ni 8,000. Ukilazwa, 2026 unaanza kwa kutoa 1,736. Pengo hilo ndilo linalozibwa na bima ya nyongeza, Medigap. Mipango yake ina herufi, na Mpango G wa kampuni hii unalipa sawasawa na Mpango G wa kampuni ile, kwa hiyo shindanisha bei tu. Walioko Minnesota, Wisconsin na Massachusetts wana utaratibu wao tofauti. Mpango G hukuachia dola za mwanzo wa mwaka za Sehemu B (283 kwa 2026), basi, katika gharama ambazo Medicare inazikubali. Mpango N ada yake kwa kawaida ni ndogo, ila unaweza kutoa hadi dola 20 unapomwona daktari.

Dawa hazimo. Hizo zinataka Sehemu D, na usikae siku 63 au zaidi mfululizo bila bima ya dawa, maana nayo ina adhabu yake.

Lililo muhimu kuliko yote kwa mtu mwenye maradhi ni hili: ukishafika 65, siku Sehemu B inapoanza, unapata miezi 6 ambayo kampuni ya Medigap haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya afya yako. Miezi hiyo hutolewa mara moja. Ikipita, katika majimbo mengi wanaweza kukuuliza kuhusu sukari, moyo na figo, kisha wakakataa. Ndiyo maana kukimbilia Sehemu B ukiwa bado kazini kwenye kampuni kubwa nako ni kosa: unailipia bila kuihitaji, na ile miezi 6 inayeyuka. Mzee wetu hapo alinusurika. Yake ilianza Februari, akachukua Mpango G, na kisukari chake hakikuwa sababu ya kumkataa.

Wanaokwenda nyumbani mara kwa mara, Medicare hailipi Mombasa wala Bukavu. Mpango G na N hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura baada ya wewe kutoa dola 250, ndani ya siku 60 za kwanza za safari, na mwisho ni dola 50,000 kwa maisha yako yote. Mwenye kukaa kwao miezi mitatu aifikirie hiyo siku ya 61.

Medigap pia ni ya mtu mmoja mmoja. Mke wa miaka 61 hawezi kuingia kwenye yako. Kwake yeye, COBRA huenda ikawa ya maana.

Sisi hulipwa kamisheni na kampuni za bima, na bei kwako haibadiliki. Ukitaka ushauri wa mtu asiyeuza chochote, kila jimbo lina washauri wa bure wa SHIP, mpango wa serikali wa ushauri wa Medicare. Popote utakapokwenda, nenda miezi mitatu kabla ya kustaafu, na umpe mwajiri fomu CMS-L564, inayothibitisha kwamba ulikuwa na bima ya kazini, aijaze na kuisaini ungali unamwona kila asubuhi. Kuifuatilia ukiwa umeshaondoka kunaweza kukuchosha.