Alhamisi tunapima kasi kabla ya intavali (kukimbia kwa kasi na polepole kwa zamu)

Habari za jioni wanakikundi. Jumanne wengi mlitoka mbio mzunguko wa kwanza, kufika wa tano mnaburuta miguu, kwa sababu kila mtu alifuata kasi ya aliye mbele.

Alhamisi, saa 12 asubuhi uwanjani, kila mtu anatafuta kasi yake. Tutapasha mwili dakika 15, kisha dakika 6 za kukimbia kwa bidii unayoweza kuihimili hadi mwisho. Tafadhali msianze kwa pupa. Gawanya mita ulizokimbia kwa 360, yaani sekunde za dakika 6. Hapo unapata, kwa makadirio, kasi ambayo mwili hufikia kilele cha kutumia oksijeni.

Aliyefika mita 1,440 anapata mita 4 kwa sekunde. Kwake mita 400 kwa asilimia 100 ya kasi hiyo ni sekunde 100. Wa mita 1,800 atazimaliza kwa sekunde 80, na wote wawili watakuwa wamejituma sawasawa! Ndiyo maana nakipenda kipimo hiki.

Wiki ijayo: sekunde 30 kwa kasi yako kamili, 30 kwa nusu yake, mara 10.

Mwenye shida ya moyo au goti anijulishe inboksi mapema, asipime.