Visu viwili vinakata sawa, mbona bei si sawa?

Mwezi uliopita mama mmoja alituletea visu viwili tuvinoe. Kimoja kipya, cha chuma cha poda (kilichotengenezwa kwa unga wa chuma uliobanwa kwa joto), alikinunua kwa pesa nyingi. Kingine kilikuwa cha marehemu mama yake: chembamba, chuma cha kaboni cha kawaida, mpini umezungushiwa waya. Siku ya kuvichukua nilimkatia karatasi mbele yake, kwa hiki kisha kwa kile. Vyote vilipita bila kukwama. Akajaribu mwenyewe, akakubali. Halafu akasoma risiti, akaona kile kipya nimekitoza mara tatu ya kile cha zamani. "Fundi, si umeniambia vina makali sawa? Hapa unanitoza jina la kisu."

Aliondoka hajaridhika, wala si wa kwanza. Swali lake ni la haki, nami nalijibu hapa kwa sababu pale kaunta watu wanapanga foleni na maelezo yanakatika katikati.

Makali ni pale pande mbili za ubapa zinapokutana. Kadiri mahali hapo panapokuwa pembamba, ndivyo kisu kinavyokata. Kisu kilichonolewa vizuri, ukingo wake una unene wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita, au chini ya hapo; unywele wa kichwani ni mnene kuliko huo kwa makumi ya mara. Wembamba huo unafikiwa na karibu chuma chochote kilichopashwa moto na kupozwa ghafla inavyotakiwa. Kisu cha yule marehemu kilinyoa malaika ya mkono wangu sawasawa na kile kipya. Kwa hiyo anayeuliza kama aina ya chuma inaamua kisu kitakuwa kikali kiasi gani, jibu langu ni: kwa sehemu ndogo sana.

Chuma kinaamua mambo mengine. Kwanza, makali yatakaa muda gani. Pili, pembe gani inahimilika. Visu vingi vya jikoni vya Ulaya vina ugumu wa 54 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell. Vya Kijapani mara nyingi vinafika 60 na kuendelea. Chuma kigumu unaweza kukinoa kwa nyuzi 15 kila upande, hata 12, na makali yakasimama. Chuma laini ukikifanyia hivyo, makali yanalala siku hiyo hiyo. Hicho nakipa nyuzi 20. Na hapa watu wengi wanachanganya: mtu anasema kisu chake kipya "kina chuma kikali", kumbe anachokisikia mkononi ni wembamba wa ubapa. Kisu kinene nyuma ya makali kinakwama hata kikiwa na makali ya wembe.

Hiyo sehemu ndogo niliyosema ipo pande mbili. Chuma laini kupita kiasi kinasumbua wakati wa kunoa. Ukinoa upande mmoja, upande wa pili hujitokeza uzi mwembamba wa chuma. Pitisha kidole gumba taratibu kutoka mgongoni kuelekea nje, utausikia unakwaruza. Huo lazima uondoke. Kwenye chuma kizuri unakatika kwa mipigo michache myepesi. Kwenye chuma laini haukatiki, unajipinda tu, leo upande huu kesho upande ule, na mteja anadhani kisu kimenolewa kumbe anakatia huo uzi. Upande mwingine kuna vyuma kama D2, aina ya chuma cha zana, chenye kaboni kama asilimia 1.5 na kromiamu kama 12. Ndani yake kuna chembe ngumu kubwa, na ukilazimisha ukingo mwembamba mno chembe hizo zinang'oka na kuacha vipengo. Ndiyo maana nyembe hutengenezwa kwa vyuma vyenye chembe ndogo sana, si kwa vile vinavyosifiwa kudumu.

Sasa bei. Kisu cha zamani kilinichukua robo saa: kinoo cha namba 1000, kisha 3000 (namba ikipanda, kinoo ni laini zaidi), kisha ukanda wa ngozi. Kile kipya kina vanadiamu nyingi, na chembe ambazo vanadiamu huunda pamoja na kaboni ni ngumu kuliko alumina iliyomo kwenye vinoo vya kawaida. Kinoo kinateleza juu yake. Nilitumia mawe ya almasi karibu saa nzima, na mawe hayo yanachakaa, yananunuliwa tena. Nilitoza muda na jiwe. Jina la kisu halikuwa kwenye hesabu.

Kinachoniuma zaidi ni njia ya mkato. Kijana mmoja alitaka kuokoa gharama hiyo hiyo, akapeleka kisu chake kigumu kunolewa kwenye jiwe la umeme, kikavu, cheche zinaruka. Dakika mbili kikawa tayari. Baada ya wiki kikafika kwetu, butu. Nikakinoa, kikakata karatasi, akafurahi. Siku ya tatu akarudi amekasirika: nimemdanganya. Nikakitazama kwenye mwanga, karibu na ncha kulikuwa na kivuli cha buluu. Nikachukua tupa ndogo. Karibu na mpini iliteleza kama juu ya kioo. Pale penye buluu ikauma na kutoa unga. Buluu hiyo hutokea chuma kikifika karibu nyuzi joto 300, na kwa chuma kama kile ugumu huwa umeshapungua. Kosa langu ni kutokukagua mara ya kwanza, na kazi ya pili sikumtoza. Lakini nilisaga milimita tatu nzima, kwa maji, polepole, kabla ya kukuta chuma kizima. Milimita hizo hazirudi. Tangu hapo kila kisu kinapitishwa kwenye mwanga kabla hakijapokelewa, hata foleni iwe ndefu.

Vinoo vile vya kuvuta kisu, vyenye meno mawili yaliyopandana, navyo vinakwangua, havinoi. Kwenye chuma laini utapata wiki mbili tatu. Kwenye chuma kigumu utatuletea kisu chenye mapengo, na kuondoa pengo moja ni kushusha ukingo mzima hadi usawa wake.

Ukituletea kisu, tuambie unakatia nini na unakatia juu ya nini. Kama ni juu ya kioo au sahani, nitakupa pembe pana zaidi, nami nitakueleza kwa nini. Kifunge kwenye karatasi ngumu. Na ukitaka kukaa pembeni uangalie kazi ikifanyika, kiti kipo. Yule mama nimemwambia hivyo kwa simu, na amesema atakuja na kisu chake kipya.