Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Safari za ndege za Mtwara–Songea zisipitie Dar es Salaam

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Tazama ramani ya kusini. Viwanja vya ndege vya Mtwara na Songea viko karibu kwenye mstari mmoja, kimoja pwani, kingine huko juu Ruvuma. Angani ni kama kilomita 505 tu. Ndege za pangaboi, kama hizi zinazotua kwetu, huumaliza umbali huo kwa saa moja au kuzidi kidogo.

Lakini kila nikiulizia tiketi naambiwa nipitie Dar es Salaam. Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 400, Dar hadi Songea kama 580. Karibu mara mbili ya safari yenyewe! Na hapo katikati kuna kusubiri, pengine kulala, siku za ratiba zisipolingana.

Barabara ipo, na tunaishukuru Serikali kwa dhati. Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, kote lami, huko ambako zamani masika yaliwalaza watu njiani. Hata hivyo ni kilomita 650 hivi: ukipanda basi alfajiri, unashuka jioni au usiku. Mwenye afya atavumilia. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini imejengwa Mitengo, Mtwara, iwahudumie watu wa Mtwara, Lindi na Ruvuma. Mgonjwa wa Mbinga aliyepewa rufaa lazima kwanza afike Songea, ndipo aanze siku nzima ya basi, na anayemuuguza yuko naye. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa, safari ya kurudi ni mateso. Jambo hili linaniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Najua utaambiwa abiria hawatoshi. Siombi ndege mpya, naomba mzunguko. Ndege ikienda Mtwara na kurudi Dar, kisha ikaenda Songea na kurudi, inaruka kama kilomita 1,960. Ikizunguka Dar, Mtwara, Songea, Dar, ni kama 1,485, na miji yote miwili imehudumiwa. Kweli, siku hiyo abiria wa Mtwara anayekwenda Dar atazungushwa, ndiyo maana nasema siku mbili tu kwa wiki, moja ndege ikitoka Dar itue Mtwara kwanza, nyingine Songea kwanza. Wagonjwa hawatakuwa peke yao ndani. Makaa ya mawe ya Ngaka, huko Ruvuma, yanateremshwa kwa malori hadi bandari ya Mtwara, na wenye biashara hiyo wana shughuli pande zote mbili.

Mheshimiwa, agiza mzunguko huo ujaribiwe walau miezi sita, tena nauli ya Mtwara–Songea ipangwe kwa umbali wa kilomita 505, isiwe jumla ya tiketi mbili za kupitia Dar.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Mtwara