Mnapowataja mabingwa wa Iten, mtajeni na mwalimu

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako tangu nikiwa chuo cha ualimu na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa. Ile makala yenu ya Jumamosi kuhusu Iten, mji wa wakimbiaji kule Bonde la Ufa, ilijaza kurasa mbili. Ilieleza mwinuko wa mita 2,400, hewa nyepesi, ugali, maziwa ya mgando yaitwayo mursik, miguu myembamba ya Wakalenjin, hata bei ya vyumba vya wageni wanaokuja kufanya mazoezi. Mwalimu alipewa sentensi moja, tena bila jina: mmishenari fulani kutoka Ireland.

Huyo fulani anaitwa Bruda Colm O'Connell. Alifika Shule ya Upili ya St Patrick's, pale Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa mkimbiaji, wala hakusomea ukocha. Peter Foster, nduguye mkimbiaji Brendan Foster wa Uingereza, ndiye aliyekuwa akisimamia riadha pale, naye alipoondoka kazi ikamwangukia Bruda. Akajifunza kwa kuwatazama wavulana wakikimbia. Jioni baada ya jioni, mwaka baada ya mwaka, mtu aliyekuja kufundisha habari za mito na milima alisimama kando ya uwanja na saa mkononi.

Milima mnayoisifu ilikuwepo kabla yake. Najua mtanijibu kwamba Kipchoge Keino na wenzake walitamba kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 wakati Bruda hajakanyaga Kenya, na ni kweli. Lakini Keino alikuwa polisi, mtu mzima mwenye kazi. Mvulana wa miaka 15 aliyekuwa akikimbia kwenda shuleni nani alimwona? Ndipo mwalimu anapohitajika. Ibrahim Hussein alipita St Patrick's, akashinda marathoni ya New York mwaka 1987 na ya Boston mara tatu. Peter Rono alipita pale pale, akatwaa dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 akiwa na miaka 21. Matthew Birir, aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992, vilevile. Wilson Kipketer naye, yule aliyekuja kuikimbilia Denmark. Nendeni mkaone miti iliyopandwa katika uwanja wa shule hiyo, kila mmoja na jina la bingwa wake.

Na si wavulana peke yao. Shule ni ya wavulana, lakini mwaka 1989 Bruda alianza kambi za mazoezi za likizo ambako wasichana kutoka shule nyingine walikaribishwa. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007, alipita mikononi mwake. Wakati huo wazazi wengi walikuwa wakiuliza msichana anakimbilia wapi, naye Bruda alikuwa akiwapimia wasichana hao muda.

Halafu David Rudisha. Alikuja akiwa kijana mrefu, mkimbiaji wa mita 400, na Bruda ndiye aliyemwambia ajaribu 800. Tarehe 9 Agosti 2012, London, Rudisha aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho akaweka rekodi ya dunia, dakika 1 na sekunde 40.91. Mwalimu wake hakuwa uwanjani. Alikuwa Iten, akitazama kwenye runinga. Mhariri, mimi hilo hunitoa machozi kila nikilikumbuka, na waandishi wako wameliruka wakatueleza bei ya vyumba.

Sasa nikwambie kwa nini imeniuma hivi. Nilifundisha shule ya msingi miaka 31, na kwa miaka 18 nilishika filimbi ya michezo juu ya vipindi vyangu vya Kiswahili, bila nyongeza ya shilingi. Muhula uliopita nilimpelekea mjukuu wangu dawa shuleni, shule ambayo sitaitaja. Ilikuwa Jumatano, baada ya mapumziko ya asubuhi. Ratiba iliyobandikwa mlangoni ilisema elimu ya viungo. Ndani, watoto wote walikuwa wameinamia karatasi za hisabati. Mjukuu wangu alikuwa nje, amepiga magoti kwenye changarawe. Nikauliza kosa. Nikaambiwa alitumwa ofisini kuchukua chaki akaenda na kurudi mbio, na kukimbia hakuruhusiwi. Mtoto wa miaka 11 anapigishwa magoti kwa kukimbia, katika kipindi cha kukimbia, na sisi tunajiita taifa la wanariadha! Nilimtafuta mwalimu wa darasa, kijana mpole, akaniambia, "Mwalimu, wewe mwenyewe unajua, uwanjani hakuna mtihani." Nikamwomba anionyeshe huo uwanja. Nusu ulikuwa viazi vya jiko la walimu. Nusu ya pili ulikuwa na msingi wa jengo uliokwisha kuota majani. Nilisimama pale nikiwa na chupa ya dawa mkononi, nikajaribu kukisia mstari wa kuanzia ungepita wapi, na sikuuona. Mtaala mpya umeipa elimu ya viungo nafasi yake kwenye ratiba, na nafasi hiyo tumeupa mtihani.

Na mkishamaliza viwanja vya shule, angalieni Kamariny, uwanja wa riadha wa Iten. Uwanja ule wa udongo juu ya Bonde la Kerio ulikuwa wa kila mtu, bingwa wa dunia na mtoto asiye na viatu katika raundi moja. Ulifungwa ili ukarabatiwe, kazi ikakwama miaka, na wakimbiaji wakabaki kutafuta pa kufanyia mazoezi, ndani ya mji wenye lango kubwa linalomkaribisha mgeni nyumbani kwa mabingwa.

Ninachoomba ni kidogo. Kila mwandishi wako wa michezo anapomhoji bingwa, amuulize swali moja zaidi: mwalimu wa kwanza kukupimia muda alikuwa nani, na wa shule gani? Jibu lichapishwe katika aya ya pili, kabla ya jina la kampuni ya viatu. Na kila Jumatatu, chini ya msimamo wa ligi ya Uingereza, mtenge nafasi ya sentimita kumi kwa mwalimu mmoja wa michezo wa shule ya msingi, jina lake na uwanja wake, na kama uwanja umelimwa viazi, mseme umelimwa viazi.

Mjukuu wangu sasa namkimbiza mwenyewe jioni, kutoka langoni hadi kwenye kiwanda cha maziwa na kurudi. Saa ninayo.

Mwalimu mstaafu,
Kapsabet