Wauza kamera, muulizeni mteja ana lenzi gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wauzaji wa vifaa vya kamera, hasa wa vifaa vilivyokwisha kutumika, wasimuuzie mtu telekonveta, yaani kikuza picha, kabla ya kumuuliza ana lenzi gani na bodi (mwili wa kamera) gani. Kifaa hiki kidogo kinachokaa kati ya kamera na lenzi kimekuwa tegemeo la vijana wanaopiga picha za wanyama Serengeti na Tarangire, kwa kuwa bei yake haifikii hata kidogo ile ya lenzi ya milimita 600. Lakini jibu la "hii ni ya Canon, itaingia tu" halimtoshi mnunuzi, na mara nyingi si la kweli.

Tuchukue telekonveta za Canon za mfumo wa EF. Ukiishika mkononi utaona kioo chake cha mbele kimechomoza nje ya pete ya kufungia, kwa sababu kimekusudiwa kuzama ndani ya lenzi kwa nyuma. Lenzi ya EF 70-200mm f/2.8L na zile za EF 100-400mm za daraja la L zimeachiwa nafasi hiyo. EF 75-300mm, ambayo wengi huanza nayo, haimo katika orodha ya lenzi zinazokubalika, na anayelazimisha huhatarisha vioo vya pande zote mbili. Hata lenzi iliyomo katika orodha inaweza kuwa na masharti yake. RF 100-500mm, ya mfumo mpya wa Canon wa kamera za EOS R, hupokea telekonveta za RF ikiwa tu imevutwa kuanzia milimita 300 kwenda juu, wala hairudi chini ya hapo mpaka kifaa kitolewe. Anayepiga picha za tembo wanaosogea hadi ubavuni mwa gari atalazimika kukifungua katikati ya vumbi, na vumbi hilo huishia kwenye sensa. Mtu wa namna hiyo ningemshauri asikinunue kabisa, bali aikate picha baadaye kwenye kompyuta.

Mwanga nao una gharama yake, na muuzaji aitaje waziwazi. Telekonveta ya 1.4x hupunguza mwanga kwa nusu, hivyo lenzi ya f/4 huwa f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo); ya 2x hubakiza robo tu, na lenzi hiyohiyo huwa f/8. Simba wa alfajiri aliyepigwa kwa ISO 800 (kiwango cha kamera kuitikia mwanga) atahitaji ISO 3200 kwa telekonveta ya 2x na kasi ileile ya shata. Isitoshe, kamera nyingi za kioo cha ndani kinachoakisi picha (DSLR), kwa mfano EOS 6D na 70D, hazilengi zenyewe lenzi ikipita f/5.6, ilhali 7D Mark II hulenga hadi f/8 kwa nukta ya katikati. Kwa hiyo lenzi ya 100-400mm yenye f/5.6 mwishoni, ikifungwa telekonveta ya 1.4x kwenye 6D, itamwachia mpiga picha kazi ya kulenga kwa mkono. Kamera zisizo na kioo zina nafuu kubwa hapo.

Wapo pia waliohamia bodi za EOS R, zisizo na kioo, huku wakibaki na lenzi zao za EF. Hawa wanahitaji telekonveta ya EF, inayokaa kati ya adapta na lenzi. Ya RF haitawafaa. Kwa Nikon ni vivyo hivyo: telekonveta za Z ni za lenzi za Z, wala hazifanyi kazi na FTZ, adapta inayofunga lenzi za zamani za Nikon kwenye kamera za Z.

Ombi langu ni kwamba kila tangazo la kuuza telekonveta litaje jina lake kamili pamoja na toleo, kwani telekonveta za Nikon za TC-14E II na TC-14E III hazikubali lenzi zilezile zote. Muuzaji aitazame orodha ya mtengenezaji mbele ya mteja, na kama lenzi imo, amruhusu aifunge palepale dukani, aivute kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha ajaribu kulenga kitu kilicho kwenye kivuli kabla ya kutoa fedha.

Mpiga picha za wanyamapori,
Arusha